Jino Walilomng'oa Mama Sifa

Batsinda, Kigali
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa salama pale barazani, miguu ya Mama imepungua kuvimba, na migomba ya bondeni imesimama tena baada ya ule upepo mlionisimulia. Mdogo wangu Jovina ameacha kukohoa? Mwambie anywe dawa mpaka iishe, asiiache njiani akijisikia nafuu kama ilivyo kawaida yake. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, na Mama mdogo ananitunza kama mtoto wa tumbo lake. Kisichokuwa kizima ni moyo, na ndiyo sababu nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu tunakatizana. Nikianza kueleza unaniuliza, nikianza kujibu salio linakwisha, nawe unabaki na nusu ya habari.

Juzi uliniuliza kwa nini nimeacha kikundi cha kujitolea wakati maombi ya chuo yamekaribia kufungwa. Ukaniambia kila mahali pana mambo yake, nivumilie, nipate kwanza barua ya uthibitisho halafu niondoke zangu. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali, Baba. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unajua kwamba chuo cha udaktari wa meno hakitazami matokeo ya kidato cha sita peke yake. Mwombaji anatakiwa aeleze amejitolea wapi na ameongoza nini, na siku ya usaili wanamchimba juu ya hayo hayo. Mwanzoni niliona ni jambo jema sana. Nilijisemea kwamba anayetaka kutia mikono vinywani mwa watu lazima kwanza ajue kukaa na watu. Lakini mimi sikuwa na la kueleza zaidi ya kumsaidia Mama mdogo dukani na kwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi ambayo hapa kila nyumba inakwenda. Ndipo mteja mmoja wa dukani aliponielekeza kwa Fiston.

Huyu Fiston ni mtu mzima, nadhifu, viatu vyake vinang'aa hata siku za matope. Hajasomea meno. Kazi yake ni kukusanya vijana wanaoomba vyuo vya udaktari wa meno, hapa na ng'ambo, na kuwapeleka kila Jumamosi mahali penye watu wa hali ya chini. Anamkodi daktari mmoja wa meno, Daktari Aloys, ili asimamie. Mwisho wa msimu kila kijana anapewa barua inayosema amejitolea na ameongoza. Siku ya kwanza nilimuuliza nitaongoza nini wakati sijui lolote. Akacheka akanishika bega.

"Hapa kila mutu ni kiongozi," akasema. "Chuo haitaki mutu ya kufuata."

Na kweli, Baba, katika kikundi kile hapakuwa na mtu asiye na cheo. Kulikuwa na rais na makamu wake, mkurugenzi wa mawasiliano, hata mkurugenzi wa tabasamu, msichana ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watoto wacheke wakati wa kupigwa picha. Kubeba maji hakukuwa na mkurugenzi. Mimi na wenzangu wawili ndio tuliokuwa tukiyabeba.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Masaka, kule nje ya mji kwenye mashamba madogo na nyumba mpya mpya. Watoto walipangwa kwenye uwanja wa kanisa, kila mmoja akapewa mswaki mpya wenye rangi. Tuliwafundisha kupiga mswaki juu chini, na walifurahi mno. Mtoto mmoja wa kike alikuwa anautazama mswaki wake kama mtu aliyepewa saa ya dhahabu. Picha zilipokwisha, Fiston akapita na mfuko akiwaambia watoto warudishe miswaki. Nilifikiri anataka kuandika majina yao juu yake. Watoto wakairudisha mmoja mmoja, mingine bado ina povu. Tukapanda gari tukaondoka, na mfuko ukaondoka nasi.

Jumamosi iliyofuata tulikuja hapa hapa Batsinda, mistari miwili tu ya nyumba kutoka kwa Mama mdogo. Keza, binti yake wa mwisho, alikuwa kwenye foleni na wenzake. Nilimwona amepokea mswaki wa kijani na kuutia mdomoni. Mpini wake ulikuwa umetafunwa. Nilisogea nikautoa mdomoni mwake na kuutazama. Katikati ya nyuzi kulikuwa na dawa ya meno iliyokauka, na kitu kingine ambacho sitakiandika kwa sababu najua unasoma barua zangu ukiwa unakula. Ulikuwa mmoja wa miswaki ya Masaka. Yote ilikuwa ya Masaka. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wanatia vinywani mwao mate ya watoto wa watu wengine, huku mkurugenzi wa tabasamu akiwaambia wacheke.

Nilisema pale pale, mbele ya wote, kwamba miswaki ile imeshatumika. Fiston hakufoka. Aliniita pembeni kwa upole akasema imechemshwa, ni ya mafunzo tu, na kwamba ameona mimi ni mtu ninayejali. Kuanzia siku hiyo, akasema, nitakuwa mratibu wa usafi. Ndiyo siku niliyokupigia simu, Baba, nawe ukafurahi. Nilikipokea kile cheo kwa nia moja, kwamba miswaki ile isitumike tena, na haikutumika. Niliichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, na moshi wake ulinuka siku nzima. Mama mdogo alifunga madirisha.

Niliendelea kwenda kwa sababu niliamini nimelikomesha lile jambo. Pia nilikuwa nimeanza kuhitajika. Wagonjwa wengi wanaotokea Kongo wanazungumza Kiswahili, na vijana wengi wa kikundi wanajua Kinyarwanda na Kiingereza tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kazi hiyo niliipenda. Mtu anapokueleza maumivu yake kwa lugha yake, uso wake unalainika hata kabla hajatibiwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa Nyabugogo, kwenye chumba cha kukodi nyuma ya maduka ya jumla, karibu na stendi ya mabasi. Nje makelele ya wapagazi na wapiga debe, ndani harufu ya dawa na jasho. Watu walijaa kwa sababu huduma ilikuwa ya bure. Akaja mama mmoja anayeuza dagaa pale sokoni, mtu wa Uvira kule Kongo, anaitwa Mama Sifa. Ana umri kama wa Shangazi. Alikuwa amejifunga kitambaa shavuni, na alipokifungua taya la kushoto lilikuwa limevimba. Aliniambia hajalala vizuri tangu mvua zilipoanza, na kwamba anatafuna upande mmoja kama mbuzi mgonjwa. Nilimtafsiria Daktari Aloys. Akamwangalia kwa tochi, akatuonyesha sote kwa ncha ya kifaa chake: gego la chini, limeoza mpaka limebaki kigutu, nusu yake imefunikwa na fizi. Akampiga sindano ya ganzi. Halafu simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea.

Makubaliano ya kikundi yalikuwa wazi, Baba. Sisi ni wa kutazama, kushika tochi na kutafsiri. Lakini alikuwepo kijana anaitwa Kelvin, aliyekulia Kampala kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, anayeomba chuo cha ng'ambo. Alikuwa rais wa kikundi. Fiston alichungulia mlangoni, akaona daktari bado anaongea na simu, akamwambia Kelvin amalizie. Akatoa simu yake akaanza kupiga video. Kelvin alisita. Kisha akatazama ile simu, akanyoosha mgongo, akachukua koleo.

Alijaribu kulishika lile gego, koleo likateleza, kwa sababu hapakuwa na cha kushika. Akajaribu tena. Mama Sifa alikuwa amefumba macho na ameushika mkono wangu. Mara ya tatu niliona koleo limekamata jino lingine, lile dogo la mbele yake, zima, limesimama vizuri.

"Kelvin, siyo hilo," nikasema.

Akanitazama, kisha akamtazama Fiston.

"Wewe kazi yako iko kutafsiri," Fiston akaniambia, bila kushusha simu.

Niliunyoosha mkono wangu wa pili nimshike Kelvin kiwiko, lakini alikuwa ameshaanza kusokota. Nilisikia mlio ambao mpaka leo nikiwa natafuna mhogo unanijia. Jino likatoka, jeupe, mzizi wake mzima. Kelvin akaliinua juu kwenye mwanga. Na wale waliokuwa chumbani, vijana wanaotaka kuwa madaktari wa meno, wakapiga makofi.

Lililonichefua kupita yote halikuwa damu. Mama Sifa alifumbua macho, akasikia makofi, akadhani amepona. Ganzi ilikuwa bado kali, hakujua kilichotoka. Akamgeukia Kelvin, damu inamchuruzika kidevuni, akamwambia kwa ulimi mzito, "Aksanti, mwana yangu. Mungu akubariki."

Fiston aliniambia nimweleze mama kwamba imekwisha, aende nyumbani apumzike. Watu wote walinitazama. Chumba kile hakikuwa na mtu mwingine wa kumwambia yule mama jambo lolote kwa lugha yake. Kama ningesema imekwisha, ingekuwa imekwisha. Angekwenda zake akitushukuru, ganzi ingeisha jioni, na angedhani maumivu ni ya kidonda.

Niliinama nikamwambia, "Mama, wametoa jino ambalo si lenyewe."

Akaingiza kidole mdomoni, akapapasa. "Ile yenye inaniuma iko wapi sasa?"

"Bado ipo ndani."

"Na huyu ni daktari?"

"Hapana, Mama. Hata kusoma bado hajaanza."

Hakupiga kelele. Alichukua kile kitambaa alichojifungia shavu, akatemea damu ndani yake, akasema polepole, "Angeniuliza tu." Halafu akanyoosha kiganja mbele ya Kelvin mpaka Kelvin akampa lile jino.

Daktari Aloys aliporudi nilimweleza. Aliangalia kinywa, akageuza uso. Alisema mama ni mtu mzima, jino lile lingetoka tu siku moja. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili, Baba, mtu aliyesoma miaka yote ile. Nilivua glovu nikaziacha sakafuni, nikamshika Mama Sifa mkono, tukatoka. Fiston alitufuata mpaka kwenye vibanda vya nje akiniambia nikiondoka nisahau barua yangu. Sikugeuka.

Tulikwenda hospitali. Daktari wa pale, mwanamke anaitwa Umutesi, alimsafisha kidonda, akasema taya lina usaha na ilibidi ameze dawa kwanza, uvimbe upungue ndipo gego litolewe. Alipouliza nani amefanya vile, Mama Sifa alinyamaza. Baadaye aliniambia nje kwamba aliogopa, kwa sababu watu wa huduma ya bure wakisemwa vibaya hawarudi, na wako wenzake sokoni wanaosubiri Jumamosi yao. Na Fiston anajua hilo. Anachagua watu ambao hawatasema.

Daktari Umutesi alituambia tunaweza kutoa taarifa, lakini hatatulazimisha. Mama Sifa aliomba muda. Siku zile za kungoja Fiston alinipigia simu mara nyingi. Kwanza kwa sauti ya asali, kwamba ataniandikia barua nzuri kuliko ya mtu yeyote, kwamba nimeonyesha uongozi siku ile. Fikiria, Baba. Hata lile alitaka kuligeuza kuwa uongozi, aliweke kwenye karatasi, aligongee mhuri. Nilipokataa akabadilika, akanikumbusha kwamba mimi hapa ni mgeni na wageni huwa wanatulia.

Mama mdogo aliposikia hivyo aliingiwa na hofu. Aliniomba niyaache. Alisema yeye ameolewa hapa, ana duka, ana majirani, na mimi nitaondoka siku moja lakini yeye atabaki. Sikumlaumu. Tulikaa jikoni, yeye anachambua maharage, mimi namenya viazi. Akaniuliza kama kweli ule mswaki ulikuwa ndani ya mdomo wa Keza. Nikamwambia ndiyo, niliukuta kati ya meno yake. Akaendelea kuchambua. Asubuhi yake alifunga duka, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia twende.

Mama Sifa alikuwa ametuma neno kwamba yuko tayari. Tulimkuta kwenye ofisi ya sekta, ambayo ni kama ofisi ya kata huko kwetu, amekaa kwenye benchi, shavu limeshuka. Alieleza mwenyewe kwa Kiswahili chake nami nikatafsiri, safari hii neno kwa neno. Alipofika mahali pa makofi alisimama, akaniuliza kama ni kweli walipiga makofi au ilikuwa ganzi. Nikamwambia ni kweli. Ofisa aliyekuwa akiandika maelezo yake aliweka kalamu chini, akafuta uso kwa kiganja.

Mambo yalivyokwenda tangu hapo si ya kujivunia sana. Chumba cha Nyabugogo kimefungwa, na Fiston ameambiwa asimguse mgonjwa yeyote mpaka alete vibali ambavyo hana. Daktari Aloys ameitwa na wakubwa wake ajieleze, na sijui ameeleza nini. Gego la Mama Sifa lilitolewa hospitali, na siku hiyo nilikuwa pembeni yake. Amerudi kwenye dagaa zake. Anatafuna, lakini ana pengo mahali ambapo hapakustahili kuwa na pengo. Akicheka anaweka mkono mdomoni. Zamani, jirani zake wa sokoni wananiambia, hakuwa akifanya hivyo.

Na Kelvin? Majuma kadhaa yaliyopita aliniandikia ujumbe. Nilipoona jina lake nilidhani anataka kuomba radhi, nimwelekeze kwa yule mama. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Editha, yule mama alisema aksanti ama asante? Nataka kuandika muzuri kwa barua ya chuo." Baadaye nikasikia kwa wenzetu kwamba ameitwa kwenye usaili. Ile video ameituma chuoni. Sikumjibu. Niliosha mikono baada ya kushika simu, nawe utanicheka, lakini niliosha kwa sabuni.

Sasa nakujibu, Baba, kwa heshima zangu zote. Sijawahi kukukatalia jambo. Lakini hili la kuvumilia nipate barua siwezi. Maombi yangu nimeyapeleka bila barua ya Fiston. Palipoulizwa nimejitolea wapi nimeandika nilikuwa mkalimani wa wagonjwa, na Daktari Umutesi ameniruhusu niendelee na kazi hiyo kwake, siku za hospitali, bila cheo. Palipoulizwa nimeongoza nini nimeandika kwamba sijaongoza kitu bado. Mama mdogo anasema nimejiharibia. Huenda. Nikikosa mwaka huu nitaomba tena mwakani, na mwaka unaofuata. Bado nayataka meno, nayataka kuliko nilivyoyataka nilipokuwa huko nyumbani Ngara. Ila siwezi kuingia chuoni kwa jino la yule mama.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya miguu nitaituma kwa dereva wa lori anayepita mpakani Rusumo. Nisalimie Shangazi Domitila na wanawe, na Babu mkubwa, kama masikio yake bado yanakataa basi apungiwe mkono kwa niaba yangu. Jovina asome hesabu. Mwalimu wangu wa baiolojia, mwambie nipo na sijamsahau. Mama mdogo na mumewe wanakusalimu, na Keza anauliza utakuja lini na ndizi.

Jambo moja la mwisho. Ile picha yangu ya koti jeupe ambayo Mama ameitia fremu na kuitundika sebuleni, naomba muiondoe. Koti lile halikuwa langu. Lilikuwa moja la kikundi, tulivaa kwa zamu wakati wa kupigwa picha, na mimi nililipokea likiwa bado na joto la mwenzangu. Ukuta ukae mtupu kwa sasa.

Binti yako akupendaye,
Editha